Mgonjwa wa Moyo Akirudi Nyumbani



Mara nyingi katika ukurasa huu tumezungumza juu ya ulevi, juu ya mashemeji, na juu ya pesa za majani chai zinazopotea njiani kabla hazijafika nyumbani. Leo naomba tuzungumze juu ya ugonjwa, tena ugonjwa mmoja tu: mshtuko wa moyo. Sizungumzi kama daktari, maana masomo yangu yaliishia Kidato cha Nne. Nazungumza kama katekista aliyewafundisha wachumba kwa miaka kumi na tisa kwamba watapendana wakiwa wazima na wakiwa wagonjwa, halafu zamu yake mwenyewe ikafika.

Ilikuwa Jumamosi moja ya Juni mwaka 2023. Nilitoka kufundisha watoto wa Kipaimara katika kigango chetu cha mbali, na wale wanaoijua Nyamira wanajua kwamba kwetu hakuna njia ya kwenda popote isiyopanda kilima. Yapata saa kumi na nusu jioni, nikiwa katikati ya mpando, nilihisi kama mtu ameniwekea jiwe la kusagia wimbi juu ya kifua. Nikakaa chini ya mkaratusi. Upepo ulikuwa wa baridi, lakini jasho lilinitoka mpaka shati likalowa. Nilipopata nafuu kidogo nikajikokota hadi nyumbani, nikamwambia mke wangu kwamba ni gesi ya maharagwe niliyokula kigangoni.

Nikanywa maziwa ya moto. Nikatafuna vidonge vya tumbo. Maumivu yakapanda kwenye taya, yakashuka mkono wa kushoto. Saa mbili usiku mke wangu akasema twende hospitali. Nikakataa: mvua inanyesha, bodaboda wa usiku ni ghali, na nitamwamshaje jirani kwa ajili ya gesi? Saa tano akasema tena, nikakasirika. Saa kumi za usiku hakusema tena na mimi. Alifunga leso, akashika tochi, akaenda kwa jirani mwenye gari aina ya Probox, akarudi naye. Akaniambia, "Baba watoto, simama." Nikasimama.

Tulipofika katika hospitali ya kaunti ilikuwa inakaribia saa kumi na mbili asubuhi. Wakanibandika nyaya za kupima umeme wa moyo, wakanipa aspirini niitafune. Daktari kijana akauliza maumivu yalianza lini. Mke wangu akajibu kwa sababu mimi niliona aibu. Daktari akahesabu kwa vidole, akanyamaza kidogo. Baadaye nilielewa kwa nini. Moyo nao hulishwa damu kwa mishipa yake wenyewe, na mmoja ukizibwa na bonge la damu, ile sehemu ya nyama ya moyo inayoulishwa huanza kufa dakika kwa dakika. Ipo dawa ya kuyeyusha bonge hilo, lakini nguvu yake kubwa ni katika saa za kwanza, na zikipita saa kumi na mbili faida yake huwa ndogo sana. Mimi nilikuwa nimekaa zaidi ya saa kumi na tatu. Kuna kipande cha moyo wangu kilichokufa usiku ule kwa ukaidi, wala siwezi kumlaumu mtu mwingine.

Kwa hiyo nisaidieni kuwaambia wengine. Kifua kikibana kama kimefungwa kamba, maumivu yakienda mkononi, shingoni, kwenye taya au mgongoni, jasho la baridi likitoka, pumzi ikikata, msingoje asubuhi. Kwa akina mama pengine kifua hakiumi sana: ni uchovu wa ajabu, kichefuchefu na kukosa pumzi, nao husema wamechoka tu na shamba. Katika Injili ya Marko tunasoma juu ya watu wanne waliombeba mgonjwa wa kupooza, na walipokosa mlango wakafungua paa. Hatusomi kwamba walingoja mgonjwa akubali kwanza. Mke au mume anayemchukua mwenzake kwa nguvu kumpeleka hospitali hakosi heshima.

Siku ya pili wodini, Padre wetu alikuja na mafuta matakatifu. Jamani, niwaambie ukweli. Mimi niliyewafundisha Wakristo kwamba Mpako wa Wagonjwa si sakramenti ya kumwaga mtu kaburini, nilipoona ile stola ya zambarau, moyo wangu mgonjwa ulishtuka mara ya pili. Nilidhani wameambiwa jambo ambalo mimi sikuambiwa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulieleza wazi mwaka 1963 kwamba sakramenti hii si ya wanaokata roho peke yao, na yafaa kuipokea mara mtu anapoanza kuwa katika hatari kwa ugonjwa au uzee. Mtume Yakobo naye anawaagiza wagonjwa wawaite wazee wa Kanisa, wala hasemi wangoje dakika ya mwisho. Niliyajua yote hayo kwa kichwa. Padre alipomaliza kunipaka, alimpa mke wangu baraka pia, akamwambia kwamba kazi yake inaanza. Mimi nilifikiri kazi imekwisha. Sikuwa nimeambiwa kwamba wiki ngumu ni zile za nyumbani.

Nilirudi siku ya tisa. Sasa hapa ndipo ninapotaka tukae.

Wasomaji wetu wa Kisii na Nyamira wanajua neno chinsoni. Kwa wale wa mbali nitaeleza: ni ile heshima yenye aibu ndani yake, inayopanga nani anaweza kuona nini cha nani. Mwana aliyekwisha tahiriwa haingii chumba anacholala baba yake. Baba na mwana hawaonani uchi. Mkamwana na baba mkwe kila mmoja anakaa mbali na mwenzake. Sitaki kuidharau desturi hiyo, imelinda nyumba nyingi. Lakini tazameni inavyokuwa mzee anapougua. Nina wana wawili wenye nguvu za kubeba magunia, na hakuna hata mmoja awezaye kuniosha. Aliyebaki ni mmoja tu, mke wangu.

Naye alikuwa tayari. Siku ile ya kwanza alichemsha maji, akaweka beseni na kiti chumbani, kwa sababu muuguzi alikuwa amemwambia kwamba nisioge nikiwa nimesimama na nisishuke bafuni huko bondeni kwa wiki ya kwanza. Nikamwambia atoke nitajiosha. Akaniambia nimekatazwa kuinama. Nikamwambia, kwa sauti ambayo watoto waliisikia sebuleni, kwamba mimi si mtoto mchanga. Akaweka sabuni chini, akatoka. Nilijaribu kujiosha, nikapata kizunguzungu, beseni likapinduka. Alirudi akapangusa maji sakafuni bila kusema neno, nami nimelala kitandani nimegeukia ukuta.

Mnafikiri ilikuwa nini? Mimi nilifikiri ni heshima ya mwanamume. Ilikuwa kiburi. Usiku ule usingizi ulikataa, na nikakumbuka somo ninalowafundisha watu kila Alhamisi Kuu, la Petro katika Injili ya Yohane sura ya 13. Bwana amejifunga kitambaa, ameshika beseni, na Petro anavuta miguu yake. Mara zote nilikuwa nafundisha somo lile kwa upande wa Yesu: tuwatumikie wengine, tuwaoshe wengine miguu. Sikuwahi kulifundisha kwa upande wa Petro, aliyeambiwa kwamba asipokubali kuoshwa hana sehemu na Bwana wake. Nilipowaapisha wachumba wale wote, kila mwanamume alisikia kwamba atamtunza mwenzake akiugua. Hakuna aliyesikia kwamba atakubali kutunzwa. Nami sikuwaambia.

Asubuhi nilimwita. Nikasema, "Mama watoto, leta maji." Akaleta. Aliniosha mgongo na miguu, na hatukuzungumza mengi. Nililia kidogo. Daktari alikuwa amesema kwamba baada ya mshtuko wa moyo watu wengi hulia ovyo, hukosa usingizi, huona giza mbele yao, na kwamba huzuni hiyo ni sehemu ya ugonjwa, ikizidi wiki mbili wamwambie. Kwa hiyo msimcheke mgonjwa anayelia, wala msimwambie ajikaze kiume.

Hospitali ya misheni ya Tabaka, kule kwa wachonga mawe, imepewa jina la Mtakatifu Kamili, naye ni mtakatifu wa kuombewa na kila nyumba yenye mgonjwa. Alizaliwa Italia mwaka 1550, akawa askari, mcheza kamari aliyepoteza kila kitu mpaka akabaki kibarua. Mguuni alikuwa na kidonda kisichopona, na kidonda hicho ndicho kilichompeleka hospitali ya Roma, kwanza kama mgonjwa. Alipoona jinsi wagonjwa walivyotupwa huko, akakusanya wenzake, akaanzisha shirika la kuwahudumia, wenye msalaba mwekundu kifuani, waliokula nadhiri ya kuwahudumia wagonjwa hata kwa hatari ya maisha yao. Aliwataka wahudumu wake wamtunze kila mgonjwa kama mama anavyomtunza mwana wake wa pekee aliye kitandani. Lakini kinachonigusa mimi ni kwamba kidonda chake hakikupona mpaka alipokufa mwaka 1614. Muuguzi huyu mkubwa, ambaye Kanisa limemweka kuwa msimamizi wa wagonjwa na wauguzi, alikuwa mgonjwa kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Alijua kitanda kwa pande zote mbili. Sikukuu yake ni tarehe 14 Julai.

Sasa nirudi nyumbani kwangu, maana mambo hayakunyooka kwa beseni moja.

Wiki ya pili wageni walijaa. Jumuiya yetu ndogo ilikuja kusali rozari, ikaleta ndizi, unga na maziwa, na akina baba wa jumuiya wakapanga zamu ya kuchuma chai yangu. Mungu awabariki. Lakini walikuja pia wengine, kila mmoja na hadithi ya mtu wa moyo aliyekufa ghafla akiwa anaendelea vizuri. Wakaja na soda na nyama ya mafuta. Mke wangu aliweka kiti mlangoni, akawa anawaambia watu kwa upole kwamba mgonjwa anaongea nusu saa tu. Wengine walinuna. Mimi ningemwomba kila mwenye mgonjwa afanye hivyo hivyo.

Katika hao walioingia alikuwemo shangazi yangu. Wazee wetu wana neno amasangia. Wanaamini kwamba mke aliyetoka nje ya ndoa akimkaribia mumewe mgonjwa, mgonjwa atakufa. Shangazi alikaa, akanywa chai, kisha akauliza mbele yangu na mbele ya mke wangu kama wameangalia vizuri ni nani anayemshika mgonjwa. Hakutaja jina. Hakuhitaji. Mwanamke ambaye hajalala usiku kumi akaambiwa neno hilo katika nyumba yake.

Ndugu zangu, mimi nilinyamaza. Nilijiambia kwamba nikijibu nitapandisha presha. Mke wangu alitazama uso wangu akingoja, kisha akachukua vikombe akaenda jikoni. Shangazi alipoondoka nilisema maneno mengi ya kumtetea, lakini aliyepaswa kuyasikia alikuwa amekwenda. Nilimwomba mke wangu msamaha siku hiyo, na tena wiki tatu baadaye nilipopata nguvu ya kutembea hadi kwa shangazi na kumwambia yeye mwenyewe kwamba mwanamke huyu ndiye aliyeniokoa. Mshipa wa moyo huzibwa na mafuta yanayoganda ndani yake miaka mingi, na presha, na sukari, na sigara. Uaminifu wa mke haumo katika hesabu hiyo.

Na kuna wanaotafuta mwenye kosa nje ya nyumba. Mtu mzima akianguka ghafla, kwetu hakukosi sauti ya kuuliza ni nani aliyemroga, na macho yanakwenda kwa bibi kizee anayeishi peke yake. Mwezi wa Oktoba 2021 wanawake wazee wanne waliuawa kule Marani kwa kushukiwa uchawi, na hilo si mara ya kwanza Gusii. Mwanangu mkubwa alipoleta maneno ya namna hiyo kutoka sokoni, mama yake alimwambia aketi, akamsomea karatasi ya daktari mstari kwa mstari. Mkatoliki anayepokea Ekaristi huku akimtajia kijana hasira jina la bibi wa jirani ana damu mikononi hata kama hakushika panga. Nasema hivyo bila kupunguza.

Turudi kwa mume na mke. Kosa la mgonjwa nimeshalitaja. La mwuguzaji nalo lipo, na mke wangu ameniruhusu nilitaje. Hofu ilimfanya askari wa gereza. Nikikohoa anakimbia. Nikiinuka anauliza naenda wapi. Alinificha habari za ng'ombe aliyekufa, akanificha barua ya shule, akawaagiza watoto wasinijibu swali lolote la pesa. Nilianza kujiona kama picha ya marehemu ukutani: ninaheshimiwa, wala siulizwi kitu. Tulipoenda kliniki, muuguzi mmoja wa makamo alituangalia tunavyojibishana, akamwambia mke wangu, "Mama, umemtunza vizuri, lakini sasa mwache atembee. Moyo ni nyama, usipofanya kazi unalegea." Kisha akanigeukia: "Na wewe Mwalimu, ukikatazwa jembe haina maana umekatazwa kumenya viazi."

Alitupangia mwendo. Kile kipande kilichokufa huchukua wiki sita hadi nane hivi kugeuka kovu imara, kwa hiyo kwanza ni kuzunguka boma mahali pa tambarare, dakika tano asubuhi na tano jioni. Halafu kila wiki kuongeza kidogo. Nikitembea lazima niweze kuongea. Nikishindwa kuongea, nimezidisha. Kifua kikibana, nikae chini. Kubeba magunia, kupasua kuni na kusukuma gari lililokwama, marufuku mpaka daktari aseme. Wakati huo huo mhudumu wa afya wa kijijini, katika wale waliopewa mikoba yenye mashine ya presha mwishoni mwa mwaka 2023, akaanza kupita kwetu kupima. Ni mama wa kijiji chetu tu, lakini mgonjwa wa presha asiyemfahamu mhudumu wake anajinyima.

Juu ya chakula nitasema kidogo, maana Mungu ametupendelea. Chinsaga, managu, ugali wa wimbi, maharagwe, ndizi: vyote ni chakula cha moyo. Adui ni chumvi nyingi na mafuta ya kuganda. Mke wangu hakunipikia sufuria yangu ya peke yangu. Alipunguza chumvi kwa nyumba nzima, watoto wakalalamika wiki moja wakazoea. Mtu anayekula tofauti na familia yake huendelea kuwa mgonjwa hata akipona. Na Kwaresima ikifika, mgonjwa asijiongezee mzigo: Kanisa halimdai mgonjwa kufunga kunakomdhuru, wala kuacha dawa si toba.

Sasa niseme jambo ambalo wengi wanalitaka lakini hakuna anayeuliza. Tangu nilipotoka hospitali, mke wangu alilala kwenye godoro sakafuni. Mimi nilifikiri ananiona si mwanamume tena. Yeye alifikiri akinikaribia atanisababishia kifo, na yale maneno ya shangazi yalikuwa bado yanamsumbua kichwani. Miezi miwili tulilala katika chumba kimoja, kila mtu na woga wake, wala hakuna aliyefungua mdomo. Hatimaye nilijikaza nikamwuliza yule muuguzi, huku nikitazama kalenda ukutani. Hakucheka. Alisema tendo la ndoa kati ya mume na mke waliozoeana halichoshi moyo kuliko kupanda ngazi za ghorofa mbili. Mtu anayeweza kupanda hivyo bila maumivu wala kukosa pumzi, na daktari amemwona, anaweza kurudi kwenye kitanda chake, kwa kawaida baada ya wiki kadhaa. Alitoa onyo moja, nami nalirudia kwa nguvu: vile vidonge vya kuongeza nguvu za kiume vinavyouzwa stendi ya matatu havifai kabisa kwa mtu aliyepewa dawa ya moyo ya kuweka chini ya ulimi. Zikikutana, presha huanguka na mtu anaweza kufa. Ulizeni daktari kabla. Msione haya, miili ambayo Mungu ameiunganisha katika sakramenti haiwezi kuwa jambo la kuaibisha mbele ya muuguzi.

Godoro la sakafuni lilirudishwa kwa watoto. Yatosha.

Ningetamani kuishia hapo, lakini kuna dhambi moja nimebakiza. Januari 2024 kijana wetu aliitwa Kidato cha Kwanza. Dawa zangu, ile aspirini, ya presha, ya kupunguza mafuta katika damu, na nyingine ya kuzuia damu isigande, zilikuwa zinakula pesa kila mwezi. Nilijisikia mzima. Nikaziacha mbili kimya kimya ili nipate pesa ya sanduku na sare. Kila asubuhi nilikunywa maji mbele ya mke wangu kana kwamba nimemeza. Siku ya ishirini na moja alihesabu vidonge kwenye kopo.

Hakupiga kelele. Aliweka kopo mezani, akasema, "Mimi nilikuosha. Wewe unanidanganya na maji?" Tangu tuoane, miaka ishirini na miwili wakati huo, hajawahi kunitukana, na hata siku hiyo hakunitukana, lakini sijasikia neno lililoingia kama lile. Niliona kwamba afya yangu haikuwa mali yangu ya kuuza kwa siri, hata kwa sababu nzuri. Mtume Paulo anawaandikia Wakorintho kwamba mume hana amri juu ya mwili wake mwenyewe bali mkewe, na hivyo hivyo mke. Siku zote tulilisoma neno hilo kwa kitanda peke yake. Linahusu pia kopo la dawa. Nilikwenda kwa kitubio, na kabla ya hapo tulikaa sote wawili na daftari, tukaona kwamba mbuzi wawili walitosha sare. Tulikwenda pia kliniki kusema ukweli, na daktari akabadilisha dawa moja kwa nyingine ya bei nafuu inayofanya kazi ile ile. Ningeuliza mapema nisingedanganya. Wenye ugonjwa wa kudumu hakikisheni pia kwamba mmejiandikisha SHA, ambayo tangu Oktoba 2024 imechukua nafasi ya NHIF, msije mkagundua mlangoni mwa hospitali kwamba jina halimo.

Kuna swali ambalo mke wangu aliniuliza wakati wa kuandika haya, nami nawapelekea akina baba. Je, kama ni yeye aliyeanguka chini ya mkaratusi, ningechemsha maji? Nimezunguka kwenye jumuiya nyingi, na ninajua kinachotokea mama akiugua: anaitwa dada yake, au anarudishwa kwao, au binti anatolewa shuleni amtunze, na mume anakaa nje akipokea pole. Nilimjibu kwamba sijui. Alisema anashukuru kwamba sikudanganya. Tangu siku hiyo nimejifunza kupika uji wa wimbi usio na madonge, na nimejifunza dawa yake ya presha inaitwaje na inamezwa saa ngapi, kwa sababu naye, mnajua, alipimwa na yule mhudumu wa kijijini ikapatikana iko juu. Mtu aliyenibeba mwaka mzima alikuwa anatembea na mgonjwa wake mwenyewe bila kujua.

Siku hizi tunatembea pamoja jioni, nusu saa. Mwanzoni majirani walitushangaa. Kwetu mwanamume hutangulia na mke hufuata nyuma na mzigo, na sisi miaka yote tulikuwa hivyo; nilikuwa nimezoea kumsikia kwa hatua zake tu. Lakini yule muuguzi alisema lazima niongee nikitembea, na huwezi kuongea na mtu aliye nyuma yako katika mpando. Kwa hiyo tunatembea sambamba, naye ndiye anayepanga mwendo. Mwezi uliopita tulifika chini ya ule mkaratusi. Nilitaka kupita. Akasema tukae kidogo. Tukakaa, akatoa ndizi mbili katika leso, akanipa moja, tukala tukitazama majani chai upande wa pili wa bonde mpaka jua likaanza kuzama.